Mawe ya Bahari na Birika la Miguu

Jamani, msinicheke kabla sijaanza, maana haya ninayowasimulia yaliniumbua mbele ya Msambweni nzima, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, tena siku ambayo mjomba wangu Salimu alikuwa anipelekee posa, na mimi nimevaa kanzu niliyoishona kwa mikono yangu nikijiona bwana harusi tayari. Kuna watu mpaka leo wakiniona nakaribia maji huinua kanzu zao juu. Mnawajua.

Siku zile Uhuru ulikuwa bado mbichi, na Wazungu kadhaa wa Diani walikuwa wakifunga nyumba zao na kurudi kwao. Mmoja wao, niliyekuwa nikimshonea mapazia, aliniachia sanduku kubwa la kioo alilokuwa akifugia samaki wa baharini. Nikaliweka sebuleni, dirishani, mkabala na cherehani yangu, nikawa nateka maji ya bahari kwa debe, nikatia mawe ya matumbawe yaliyo hai, yale yanayofunguka na kujifunga kama yanapumua, na samaki wadogo wa manjano, vitatange. Basi nikapotea. Jua la asubuhi likipiga pale, ukuta mzima unacheza mawimbi, na mimi naona kama nimelala chini ya bahari na macho wazi, mguu unakanyaga cherehani, akili haipo. (Nilimshonea mzee mmoja suruali ambayo miguu yake miwili nimeiunga ikawa mmoja. Aliniletea, akainyanyua tu nikaitazama.)

Sasa, Mwanasha binti wa Mwalimu Hamisi, imamu wetu, alikuwa akipita na bibi yake kwenda kisimani, na akifika dirishani kwangu husita kidogo kutazama ule mwanga. Mimi naye hatukuwahi kuzungumza, si desturi, lakini siku moja alisema kwa sauti ya chini, kama anasema na kioo, "Mbona samaki wanapungua, Fundi? Wanahama?" Bibi yake akamvuta buibui wakaenda zao, na mimi neno lile nikalala nalo na kuamka nalo, mpaka nikamwomba mjomba akaniposee kwa baba yake.

Kweli walikuwa wanapungua. Ndani ya mawe yangu walijificha kaa wadogo waliokuwa wakiwavizia samaki, na wadudu kama tandu, wekundu, wenye vinywele vyeupe ubavuni, ambao wanatafuna matumbawe, na ukiwagusa vile vinywele vinakuganda kwenye ngozi vinawasha mpaka utamani kulia. Ukiwachokoa kwa kijiti wanazidi kuzama jiweni. Kisha mvua ikanyesha, na jiwe moja nililokuwa nimelitoa nje likaloa, nikawaona tandu wale wanatoka wenyewe mbiombio kama nyumba inaungua. Nikajua, mdudu wa chumvi hapatani na maji matamu. Nikiyachovya mawe kidogo tu, wadudu watatoka na matumbawe yatavumilia.

Lakini maji matamu nitayapata wapi? Kisima chetu kina chumvichumvi, na maji ya mvua yaliyokuwapo nyumbani yalikuwa ya mtungi wa mama. Nikamwomba, asubuhi ya Ijumaa ile.

"Maji ya kunywa nikupe ukaogeshee mawe?" akasema. "We Mbwana, una akili timamu kweli? Na leo watu wanakwenda kukuposea mke!"

Hapo ndipo shetani aliponinong'oneza habari ya msikiti. Msikiti wetu ulikuwa na tangi la maji ya mvua kutoka paani, na tangi lile ndilo lililojaza birika dogo pale mlangoni, lile ambalo mtu akishatawadha hutia miguu yake ndipo aingie ndani. Nikasema, nitachovya mawe yangu asubuhi hii hakuna mtu, nitayamwaga maji yale, nitatia mengine, nani atajua? Mbona ni jambo dogo!

Nikaenda na mawe yangu kwenye kikapu. Nikayatia. Wallahi, mngekuwapo mkaona nilichokiona, mngenisamehe. Wale wadudu walitoka wekundu, wamenyooka, wakielea polepole ndani ya maji safi kama nyuzi za hariri, na vinywele vyao vimesimama vinameremeta, na kaa wanashuka jiweni kwa adabu mmoja baada ya mwingine, na mimi nimechutama pale nimesahau niko duniani. Nikashtuliwa na kikohozi cha mwadhini anakuja na ufagio wake. Nikafutika mawe kikapuni nikatimua mbio, na maji sikuyamwaga.

Nikajiambia nitarudi. Lakini nilipoyarudisha mawe kiooni, wale vitatange waliokuwa wamejificha wakajitokeza wote, wakazunguka pale wameridhika, nami nikasema nitazame kidogo tu, kidogo tu, na nilipozinduka adhana ilikuwa inamalizika.

Nikatawadha nyumbani, nikakimbia. Mlangoni watu wameshaingia, miguu yote imeshapita birikani. Mimi nikaliruka kama paka, nikajipenyeza safuni ubavuni mwa mjomba Salimu, nikaomba Mungu tandu wale wawe wamekufa na kuzama. Walikuwa wamekufa, ndiyo. Vinywele vyao havikufa.

Mwalimu Hamisi yuko juu ya mimbari anahutubu habari ya subira, nami namwona anaubadilisha mguu, anausugua huu kwa huu, anasema subira, anasugua. Mbele yangu nyayo zinakunjana. Mjomba anasaga kisigino chake kwenye mkeka na machozi yanamlenga. Kisha akatokea kaa mmoja, sijui alipandia kanzu ya nani, akatembea upandeupande katikati ya safu mpaka karibu na mihrabu, akasimama pale. Hotuba haikatizwi, lakini macho yote yalimsindikiza.

Tulipotoa salamu watu wakatoka barazani wanachechemea, wakaanza kujikuna waziwazi, na ndimu zikaagizwa nyumba za jirani. Nikaona mimi peke yangu nimekaa kimya kama mgeni. Hofu ikanishika. Basi nami nikaanza kujikuna, jamani, nikajikuna shingo, nikajikuna mabega, nikajikuna kifua, huku naugua kwa sauti: "Lo, lo, lo, balaa gani hili!"

Mwalimu akanitazama, kipande cha ndimu mkononi.

"Mbwana, wewe unawashwa wapi?"

"Shingoni, Mwalimu. Na mabegani."

"Sisi sote miguu," akasema taratibu. "Wewe uliingia msikitini kwa kichwa?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Nikasema yote, mawe, tandu, mtungi wa mama, yote, bila kuvuta pumzi. Mjomba alikuwa anausugua unyayo wake kwa ndimu, akainamisha kichwa akasema, "Njia ya mwongo fupi. Mwalimu, na sisi leo tulikuja na neno letu kwako, lakini sasa sijui hata nilitolee wapi."

"Neno lako nalijua, Salimu," akasema Mwalimu. "Maji humwagwa yakatiwa mengine, na miguu itapoa. Kinachoniuma ni kule kujikuna kwake kwa uongo. Binti yangu nitamuuliza, lakini nitamweleza kila kitu, na kujikuna nako nitamweleza."

Nyumba yake ilikuwa ubavuni mwa msikiti. Akaingia, tukabaki barazani kwake, mjomba na mimi, hatuangaliani. Moyo wangu ulikuwa umekufa. Mara tukasikia kicheko kutoka ndani, cha msichana, kirefu, kikakatika, kikaanza tena, na wanawake wa nyumba nzima wakakidaka. Mjomba akanong'ona, "Tunajua mwanamwali akinyamaza amekubali, na akilia amekataa. Kucheka je?" Mwalimu akatoka, naye anajizuia, masharubu yanamcheza.

"Rudini Ijumaa ijayo," akasema, "akishamaliza kucheka."

Njiani mjomba aliniambia nisitumaini, kwamba huo ni ukataaji wa kiungwana. Wiki ile nilikauka kama ng'onda, hata kiooni sikutazama. Ijumaa tukarudi, na tulipobisha tu hodi na kutaja jina langu, kicheko kikapasuka tena ndani, kilekile. Mwalimu akakaa kitako mbele yetu, akapangusa uso kwa kitambaa.

"Salimu," akasema, "mimi nimechoka kungoja amalize. Mchukueni hivyo hivyo anavyocheka."

Basi ndugu zangu, nikikosa siku hizi nasema nimekosa papo hapo, wala sijikuni mahali pasiponiwasha. Na birika la msikiti tena mimi, abadan, natia miguu yangu miwili tu, natoka. Mwenyewe huyo jikoni anawapakulieni wali, na mkimsikia anacheka huko, ni kwamba amesikia nawasimulia.