Samaki wa Mke wa Fundi Friji

Fundi friji ninayefanya naye kazi karakana moja ni mtu wa maneno ya kuhesabu. Ukimuuliza habari za nyumbani, atakujibu habari za kompresa. Kwa hiyo aliponiomba niende kwake kumwangalizia umeme kwenye tangi la samaki, nilijua mambo yamemfika shingoni.

Tangi lenyewe ni la mkewe. Ni kioo kipana sebuleni, kimejaa maji ya chumvi, mawe ya baharini na samaki wa rangi ambao yeye mwenyewe aliwapa majina mmoja mmoja. Tangu mvua zilipoanza yuko hospitali. Siku ya kupelekwa alimwachia mumewe agizo moja tu, akirudi awakute samaki wake. Sasa walikuwa wanakufa. Samaki anakataa chakula, anapanda juu anahema mbio mbio, na asubuhi anaelea ubavu. Mgonjwa akiulizia, mumewe anajibu kuwa wote wazima.

Na huo haukuwa uongo wake pekee. Daktari alikuwa amemwita kando, akamwambia ugonjwa umeshasambaa na hauna tiba. Jamaa aliniambia mimi tu, tena akiwa ameingiza kichwa ndani ya friji ya mteja ili nisimwone uso. Mama mkwe, aliyehamia pale kusaidia kazi za nyumbani, hakuambiwa kitu.

"Nitaanzaje kumwambia mkwe wangu jambo kama hilo?" aliniuliza.

Mimi nilikasirika. Watu wazima wawili, paa moja, wanaamkiana huku kila mmoja anatazama sakafu. Siku zote maneno yao yalipitia kwa yule mke. Sasa mpitishaji yuko kitandani, na nyumba imekuwa kimya kama duka lililofungwa. Heshima gani hiyo, jamani?

Nilipofika nikapima kila waya. Hita haikuvujisha umeme, na pampu ilikuwa inavuma vizuri tu. Jamaa akanieleza kwamba ameshakagua madoa ya ugonjwa kwenye magamba, hakuyaona, na dawa ya mbu ameshaifungia kabatini isije ikawa ndiyo inayowaua. Kisha akanionyesha kipimo chake cha chumvi, kile kidogo cha kuchungulia kwa jicho moja, akasema nacho kimeharibika. Kila akipima, kinasema chumvi imezidi, ilhali yeye anaongeza maji matupu. Maji hukauka, akaniambia, lakini chumvi haiendi popote, kwa hiyo maji yakipungua huongezi chumvi tena.

Nikadondoshea kioo cha kipimo tone la maji ya kunywa. Kikasoma sifuri, sawasawa kabisa.

"Kipimo chako kizima," nikamwambia. "Kuna mtu anatia chumvi humu."

Jikoni sufuria ikagonga sinki. Mama mkwe akatokea mlangoni akijifuta mikono. Alinitazama mimi, hakumtazama yeye.

"Mwambie mwenzako nilimwona anamimina maji matupu," akasema. "Nikajua ni mawazo, anasahau chumvi. Samaki wa baharini hawa. Niliona haya kumsahihisha mkwe wangu, basi akitoka kwenda kazini, mimi namtilia."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Huyu akiona chumvi imezidi anaongeza maji, na yule akiona maji yameongezwa anaongeza chumvi, mpaka samaki wakashindwa. Kwa jinsi ninavyopenda utani ningecheka, lakini badala yake nikainama kuchungulia kioo. Tangini alibaki mmoja tu, yule mweusi ambaye mgonjwa humwita Askari, amejibana nyuma ya jiwe akihema.

Nikamgeukia jamaa nimfikishie ujumbe, kama vile yule mama hakuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu. "Mama anasema..."

"Nimemsikia."

Akaketi kwenye kigoda kando ya tangi. Uso ulikuwa umemsawijika, nikadhani atafoka. Hakufoka. Aliinua macho akamtazama mama mkwe wake usoni, na sidhani kama aliwahi kufanya hivyo tangu aoe.

"Mama, huna kosa. Mimi ndiye sikukueleza. Na kuna jingine sijakueleza."

Yule mama aliweka kitambaa mezani, akavuta kiti, akakaa wakatazamana.

"La mwanangu," akasema. Hakuwa anauliza.

"La mwanao, mama."

Nikaanza kukusanya koleo na bisibisi zangu haraka, maana pale hapakuwa tena na kazi yangu. Nilipokuwa navuta mlango, jamaa alikuwa ameshaanza kumweleza alivyosema daktari, na yule mama hakuwa anatazama sakafu.