Matanga ya directeur wa katuni

Mnisamehe mwandiko na makosa yangu. Niliishia shule ya msingi na mkono wangu ni mzito.

Ninauza tiketi katika chumba cha video hapa Mulekera, Beni. Siku hizi watoto wanapenda katuni iliyotokana na tamthilia ya shule moja na directeur wake, yaani mwalimu mkuu, ile niliyoitazama zamani ikichezwa na watu hadi mwisho. Jumamosi kelele zao zilinichosha, nikawafichulia mwisho wa katuni: «Directeur mwenye munapenda, atakufa.»

Wakarudi nyumbani wakilia kwamba directeur amekufa. Mama zao wakadhani ni directeur wa shule yao. Muda si mrefu nikawaona mama hao na watoto wao wakipita na maharage na makaa, wakisema wanaenda matanga kwa directeur. Nilielewa, lakini kwa haya sikuweza kuwaita. Niliwafuata tu, nikitafuta maneno.

Directeur mwenyewe alifungua mlango, tonge la fufu mkononi.

«Yesu! Mais directeur, si ulikufa?» mama mmoja akapaza sauti.

«Mimi? Nani alisema?»

Mtoto mmoja akaninyooshea kidole, akiniita yaya kama wadogo wa hapa wanavyowaita wakubwa wao. «Ni huyu yaya.»

«Ni wa katuni,» nikasema. Hakuna aliyecheka.

Niandikieni, ndugu wasomaji: mtu anaombaje radhi kwa marehemu baada ya kumkatiza chakula?