Aliyeturekodi Tukiuana kwa Maji

Nilikuwa Makambako, karibu na stesheni, treni ya mizigo ya kwenda Zambia ikipita, baba wa dada ninayemsimulia hapa aliponipigia simu. Hakunisalimia. Alisema, "Mwandishi, wamemuua mwanangu," kisha nikawa nasikia mabehewa tu. Baadaye nilielezwa na waliofanya kazi na binti yake jinsi ilivyotokea. Alikuwa katika nchi ya mbali, anarekodi wanakijiji waliochomewa nyumba ili msitu wao ukatwe. Walinzi wa wakata miti walisimamisha gari lake mchana kweupe, wakamshusha, wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka akashindwa kusimama, halafu mmoja wao akampiga risasi. Wasomaji wangu wa siku zote wataniwia radhi kwamba sitalitaja jina lake. Ukoo wake bado una vidonda, na baadhi yavyo vilitokana na kazi hiyo hiyo iliyomuua.

Alikuwa mwandishi wa habari wa video, mzaliwa wa Uwemba, binti wa mkulima wa viazi. Alisoma shule ya misheni, akaenda chuo, na baada ya hapo dunia ikamchukua. Palipofurika, alikwenda. Palipokauka, alikwenda. Alirekodi misitu inayoungua, visiwa vinavyomezwa na bahari, watu wanaohama na magodoro kichwani. Nyumbani tulizitazama kazi zake kwenye simu, sokoni na kwenye vilabu vya ulanzi, pombe ya mianzi, na mtu akisikia sauti yake hujidai: huyu ni wa kwetu. Mimi nilimfahamu kwa sababu ya uandishi. Alipokuja likizo alinitafuta tukazungumza habari za kazi, akiniita kaka, nami nikimwita dada ingawa nilimzidi umri kwa mbali.

Likizo moja alinisimulia habari ya kisima. Ilikuwa katika nchi kame, ambako wafugaji na wakulima waligombea pampu moja. Alifika asubuhi akawakuta wamekwisha kuanza. Kijana mmoja alikuwa amekatwa shingoni, damu yake inaingia kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, na ng'ombe wanaendelea kunywa kwa sababu walikuwa na kiu. Alirekodi. Walipotulia, mama mmoja aliyefiwa na mume pale pale alimsogelea akamuuliza, "Na kwenu watu hawauani kwa ajili ya maji?" Akamjibu kwamba kwao maji ni mengi, kuna mvua, ukungu na vijito kila bonde. Aliponisimulia hayo alikuwa anacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini jibu lake mwenyewe.

Mwaka uliofuata mvua zetu zilichelewa, kisha zikanyesha kidogo zikakata. Kuna bonde moja upande wa Wanging'ombe ambako watu wa juu wanalima vinyungu, bustani zile za bondeni tunazozitegemea kiangazi. Baba mdogo wa dada alikuwa na kinyungu kikubwa kule. Yeye na wenzake walikiziba kijito kwa viroba vya udongo ili kabichi zao zisife. Watu wa chini, ambao mahindi yao yalikuwa yamejikunja kama karatasi, walipeleka malalamiko, wakaambiwa wasubiri. Walichoka kusubiri. Dada yangu huyo alikuwa nyumbani. Aliposikia kwamba wa chini wanapanda kuvunja kizuizi, alinipigia simu nimchukue kwa gari, tukaenda pamoja.

Tulikuta wanaume wamejipanga pande mbili za kijito, majembe na mapanga mikononi. Walikuwa wanajuana wote. Wengine walisali kanisa moja. Mzee mmoja wa chini alitangulia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kamwene. Tumekuja kufungua maji yetu." Hakuna aliyeitikia salamu. Aliinama akavuta kiroba cha kwanza. Jiwe likarushwa, likampata mdomoni, na baada ya hapo sikuweza tena kufuata nani alianza na nani alijibu. Nilisikia panga likigonga mfupa. Nilimwona mtu akishika mkono wake uliokatwa na kuutazama kama wa mtu mwingine. Tope la kijito likawa jekundu. Dada alikuwa ameweka kamera kwenye stendi juu ya tuta, anarekodi, uso wake umekauka. Ndipo yule mzee aliyevuta kiroba akaanguka chali, na baba mdogo akasimama juu yake na jembe.

Dada aliiacha kamera pale pale ikiendelea kurekodi, akateremka mikono mitupu. Alipita katikati ya mapanga akiwaita kila mmoja kama alivyomzoea tangu utotoni: mjomba, baba mkubwa, baba fulani. Wachache walisita. Baba mdogo hakusita. Dada alipomfikia, jembe lilikuwa limekwisha kushuka mara kadhaa. Akauweka mkono wake kati ya jembe na mzee, jembe likauvunja. Baba mdogo alipoona ni mtoto wa kaka yake ndipo akalitupa. Tulimpakia yule mzee garini, kichwa chake mapajani mwa dada, mkono wake mzima ukikandamiza kitambaa kwenye jeraha. Alikata roho kabla hatujafika Njombe.

Wiki ile ukoo ulikaa Uwemba, sebuleni kwa baba yake, nami nikaitwa kwa sababu nilikuwepo bondeni. Baba mdogo alikuwa amekwisha kukamatwa, naye alisema alijitetea. Mashahidi wa juu walisema hivyo hivyo. Wa chini walisema kinyume, kama ilivyotarajiwa. Iliyobaki ni kamera. Shangazi yake ndiye aliyeanza. "Umezunguka nchi za watu ukarekodi watu wakiuana, tukakushangilia. Sasa umerudi kuturekodi sisi."

Alijibu taratibu, mkono ukiwa kwenye bandeji. "Shangazi, wale nao walikuwa na mashangazi."

Baba yake hakupandisha sauti. Alisema, "Futa, mwanangu. Ni mdogo wangu huyo. Nilimbeba mgongoni."

"Baba, yule mzee alinifia mapajani. Nikifuta, nitakuwa nimempiga na mimi."

Aliipeleka polisi kesho yake. Baba mdogo alifungwa kwa kuua bila kukusudia, na wengine kadhaa kwa kujeruhi. Toka siku hiyo hakulala tena kwao. Akija likizo alifikia nyumba ya wageni Makambako, kati ya madereva wa malori na wafanyabiashara wa mbao, na baba yake alimfuata huko kwa siri, wakanywa chai, akarudi. Kwenye vilabu vile vile tulikozitazama kazi zake, sasa jina lake lilitamkwa kwa kutema mate. Sijawahi kuona watu wakigeuka upesi namna ile. Akituletea ukatili wa wengine alikuwa shujaa wetu; alipotuletea wa kwetu akawa msaliti, na kamera ilikuwa ile ile.

Tulimzika Uwemba. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, na wengine nadhani walikuja kuona nani atakuja. Baba mdogo, ambaye alikuwa amemaliza kifungo, alisimama nyuma peke yake. Padri alipouliza kama kuna mwenye neno, akasogea mbele. Watu wakatazamana. Baba wa marehemu akataka kuinuka, akashikwa bega.

"Mimi niliapa sitamsamehe," alisema. "Nikiwa mahabusu kila aliyeniuliza nilimwambia nilijitetea, kwamba yule mzee alikuwa na panga. Niliamini hivyo. Hata wakili aliponieleza habari ya video, nilisema mtoto ameitengeneza. Halafu wakaionyesha mahakamani. Nikaona mtu amelala, hana kitu mkononi, na mimi bado nainua jembe. Nikajihesabia mapigo. Ningekufa nikiamini ule uongo wangu, na watoto wangu wangeurithi. Huyu alininyang'anya uongo huo." Akamgeukia mjane wa yule mzee, aliyekuwa amekuja na wanawake wenzake wa chini, akapiga magoti kwenye udongo mbichi. Mjane hakumshika mkono wala hakumwambia amemsamehe. Alisema tu, "Nimesikia," akakaa.

Nimelitafakari neno hilo tangu tuzike. Ukame utakuja tena, na mafuriko pia. Wanaojua mambo hayo wanasema hivyo, na wakulima wetu wanayaona kwenye mahindi yao. Vijito vitazibwa, misitu itachomwa, na watu watashika majembe. Mtu akija na kamera bondeni kwetu, tusimuulize yuko upande gani. Anayerekodi ukatili wetu haongezi hata pigo moja juu ya yale tuliyokwisha kuyapiga. Anachotunyima ni nafasi ya kuyapamba tunapoyasimulia.