Deni la Wimbo wa Mvua

Mume wangu alipenda bendi ndogo. Sisemi alipenda muziki, maana muziki kila mtu anaupenda, hata mimi nikiwa nafua. Yeye alipenda bendi ambazo hakuna anayezijua: vijana wanne wenye magita ya kuazima, waliorekodi nyimbo zao chumbani, magodoro yamesimamishwa ukutani ili kelele za jirani zisiingie. Wale wanaoimba redioni hakuwataka.

"Wale wako na bosi," alikuwa akisema. "Bosi anasema imba mapenzi, wanaimba mapenzi. Mi nataka muziki isiyo na bosi."

Alikuwa motari, dereva wa pikipiki, hapa Gisenyi. Mimi nina kibanda cha maziwa nyuma ya soko. Maziwa yanashuka kutoka Mudende asubuhi, nayachemsha, na yanayobaki nayagandisha. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, nikasoma mpaka darasa la saba, ndipo wazazi wangu wakarudi Rwanda. Yeye alizaliwa hapa mpakani, mama yake mtu wa Goma, upande wa Kongo, kwa hiyo Kiswahili chake na changu vilikuwa vinachekana. "We unaongea kama taarifa ya habari," aliniambia siku tulipojuana, na hakuacha kuniambia hivyo.

Zamani kidogo, kabla mambo hayajaharibika ng'ambo, tulikuwa tunavuka kwa miguu siku ya Jumapili mchana kwenda Goma kuwasikiliza wale vijana wanne. Walikuwa wanapiga katika ua wa baa moja, juu ya sakafu ya mawe meusi ya volkano. Mume wangu alisimama daima upande wa kushoto, karibu na spika, kwa sababu kutoka pale aliweza kuona mikono ya mpiga ngoma. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwa nimemshikia koti na kofia. Nitasema kweli, mara nyingi nilichoka. Masikio yaliuma, soda ilikuwa ya moto, na nyimbo nyingine sikuzielewa kabisa. Lakini alikuwa anageuka kila baada ya muda kunitazama, kuhakikisha kwamba nami nimesikia pale gita lilipoingia. Nilitikisa kichwa, ndiyo, nimesikia. Wakati mwingine sikuwa nimesikia.

Shida ilikuwa mpaka. Unafungwa mapema, na ukichelewa unalala upande ule. Tamasha likianza kupata moto, sisi tunavaa koti. Tulisikiliza bendi ile miaka kadhaa, na mwisho wa tamasha lao hatukuwahi kuuona hata mara moja.

Na wimbo aliokuwa akiutaka yeye walikuwa wanauweka mwishoni.

Ulikuwa wimbo wa polepole kuhusu mvua. Aliusikia wote mara moja tu, siku alipowabebea spika kwenye pikipiki akawakuta wanafanya mazoezi katika kile chumba cha magodoro. Alirudi nyumbani hakula. Alikaa kitandani akijaribu kunieleza. "Ngoma inapiga, inapiga kama mabati wakati wa mvua, unasikia? Halafu inakatika. Sauti inabaki peke yake. Ni hivyo inaisha." Nikamwambia aniimbie. Alijaribu, lakini hakuwa na sauti, tukacheka wote wawili.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili, tamasha likiwa katikati, alikuwa anapaza sauti kutoka upande wa kushoto: "Ile ya mvua! Muimbe ile ya mvua!"

Mwimbaji, kijana mrefu ambaye siku za kazi anachora mabango ya maduka, alikuwa anamjibu kwenye maikrofoni. "Papa Mvua, hiyo ni ya mwisho! Ukiila mapema, utakula nini nyuma?"

Watu walicheka. Jina likamganda. Hata motari wenzake kwenye foleni walianza kumwita Papa Mvua, na wakati wa kiangazi walimtania, "We, iko wapi mvua yako? Viazi vya bibi yangu kule Kanzenze vinakauka!"

Sisi tulikuwa tunatoka kabla. Mara nyingine, tukiwa tunateremka kuelekea Petite Barrière, ule mpaka wa watu wa miguu, ngoma ya wimbo huo ilianza nyuma yetu. Alikuwa anapunguza mwendo. Mimi nilikuwa namvuta mkono, maana foleni ilikuwa ndefu na wanawake wenye mabeseni walikuwa wanasukumana. Ngoma ilipotea kabla haijakatika.

Baadaye vita viliingia Goma, na baa ile ikafungwa. Mwimbaji na wenzake wawili wakaja upande wetu. Mpiga ngoma, ambaye ndiye aliyeutunga wimbo wa mvua, alikwenda kwa ndugu zake Uganda na hakurudi. Wakapata mtu mwingine wa ngoma, wakaanza kupiga Jumapili katika bustani ya baa moja kando ya ziwa, huku kwetu. Mume wangu alifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu. Sasa mpaka haukuwa na neno tena. Tungeweza kukaa mpaka viti vinakusanywa.

Tulikaa, na wimbo haukupigwa.

"Mwenye ngoma yake hayupo," mwimbaji alimwambia walipokuwa wanakunja nyaya. "Huyu mpya hajaijua. Bila ile ngoma, ni maneno tu, mukubwa."

"Mumufundishe."

"Tutamufundisha."

Hawakumfundisha. Ndipo mume wangu akaanza kuugua ini. Sitaki kuandika habari za ugonjwa. Alipungua, ngozi ikawa njano, akauza pikipiki. Mwimbaji alikuja kumtazama nyumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, magoti yakiwa juu kwa sababu ya urefu wake.

"Papa Mvua, simama tu," alimwambia. "Ukisimama, tutaipiga ya kwanza. Kabla ya zote."

"Ya kwanza?"

"Ya kwanza. Ni deni yangu kwako."

Mume wangu alinitazama. "Umesikia? We ni shahidi."

Hakusimama. Tulimzika Nyamyumba, kwenye shamba la baba yake.

Siku za matanga nyumba haina muziki. Redio yetu niliifunika kitambaa mimi mwenyewe. Wiki ilipokwisha, ukoo ukakusanyika kuondoa matanga, jambo tunaloliita gukura ikiriyo. Watu wananawa, wanagusa jembe kidogo kuonyesha kwamba kazi zinarudi, wanakunywa pamoja. Na kabla ya kutawanyika mkubwa wa ukoo anasimama kuuliza: nani anamdai marehemu? Nani anadaiwa na marehemu? Aseme leo, ili asiende akiwa amefungwa na kitu cha mtu. Mjane hasemi pale. Wanaosema ni ndugu za mume.

Aliyesimama ni baba mkubwa wa mume wangu, mzee anayefuga ng'ombe na kupenda mambo yaishe haraka. Jirani mmoja akasema ana spana za marehemu, atazirudisha. Mwingine akasema marehemu alikuwa na mwavuli wake, lakini ameusamehe. Halafu yule mwimbaji akainuka kule nyuma, karibu na mlango, kofia mkononi.

"Mimi niko na deni ya marehemu," alisema. "Ni wimbo. Nilimuahidi wimbo, sikuuimba."

Halafu wanawake wawili wakacheka chini ya vitenge vyao. Mtu mmoja akanong'ona kwamba kijana ameshakunywa. Nafikiri baba mkubwa alitaka kumwokoa na aibu. Alinyoosha mkono kama anayefukuza nzi.

"Wimbo? Huo tumekusamehe, mwanangu. Umesamehewa mbele ya watu wote. Kaa, wakupe kinywaji."

Watu wakapiga makofi, kama inavyofanywa deni linaposamehewa. Mwimbaji alibaki amesimama kidogo, akanitazama juu ya vichwa vya watu. Mimi niliangalia kikombe changu. Kinachosamehewa siku hiyo hakidaiwi tena, hata watoto wanajua. Nilisikia jambo likifungwa, kama mlango wa chumba ambamo umesahau kitu.

Sijui kama wengine wanaoomboleza wanaona hivi. Nguo zake niligawa bila kulia. Ila wimbo ule ulikuwa kitu pekee chake ambacho kilikuwa bado kinakuja. Vingine vyote vilikuwa vimeshafika au vimeshakwenda. Na sasa mzee mwema, kwa mkono mmoja, alikuwa amekisimamisha.

Wiki chache baadaye mwimbaji alikuja kibandani asubuhi, rangi ya bluu kwenye vidole. Nikampa maziwa ya moto na chapati.

"Mama, tunapiga Jumapili. Palepale."

"Sawa."

"Muzee alisema imesamehewa."

"Alisema."

"Na wewe?"

Kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi, mmoja ni shemeji ya baba mkubwa. Nikamwambia maziwa yatapoa. Akanywa, akaenda.

Jumapili nilikwenda. Nilivaa nguo ya kawaida nikachukua koti lake, kwa sababu upepo wa ziwani unauma jioni, na kwa sababu sikujua kwenda bila kulishika. Nilikaa upande wa kushoto. Kutoka pale niliona mikono ya mpiga ngoma mpya, nikajaribu kuiangalia kama alivyokuwa akiiangalia yeye. Niliona mikono tu.

Wakapiga nyimbo zao zote. Nilizijua, zaidi ya nilivyodhani, na bado zilipita mbele yangu kama magari ya watu wengine. Kila gita lilipoingia nilingoja mtu ageuke. Nikaelewa nilichokuwa nimekwepa kukielewa: mimi sikuwahi kuipenda bendi hii. Nilimpenda yeye akiipenda. Ni vitu viwili, na cha pili tu ndicho kilichokuwa kimekuja kukaa kwenye kiti kile.

Taa za bustani ziliwashwa. Mwimbaji akashukuru watu, akawatakia wiki njema, akaanza kuchomoa waya wa gita. Wahudumu wakaanza kupandanisha viti. Hakunitazama hata mara moja, na sikumlaumu. Deni lilikuwa limesamehewa mbele ya ukoo.

Nikasimama.

"Ile ya mvua," nikasema.

Sauti haikufika hata meza ya pili. Mhudumu aliyekuwa karibu akaniuliza kama nimeita soda.

"Ile ya mvua!" nikasema tena, na nilisema kama yeye, kwa Kiswahili chake, mimi ninayeongea kama taarifa ya habari. "Muimbe ile ya mvua!"

Mzee mmoja aliyekuwa ameshalewa akapiga meza. "Eh! Papa Mvua ameacha bibi!" Wengine wakacheka, si kwa ubaya. Mwimbaji aliacha waya. Wakaongea wao kwa wao, nikaona mpiga ngoma mpya akitikisa kichwa, haijui. Mwimbaji akarudisha waya, akakaa juu ya spika, akaanza peke yake.

Haukuwa umefanyiwa mazoezi. Ubeti wa pili aliusahau, akarudia wa kwanza. Watu wengi walikuwa wameshainuka, wengine wakitafuta motari getini, na viti vya plastiki viliendelea kugongana. Maneno yalikuwa ya kawaida: mtu yuko chini ya bati, anangoja mvua iache ili aende kwao. Hayo tu. Niliegemeza koti kifuani nikasikiliza kwa nguvu zangu zote, nikingoja pale pa mwisho, pale ngoma inapokatika na sauti inabaki peke yake.

Lakini ngoma haikuwepo. Sauti ilikuwa peke yake tangu mwanzo. Kwa hiyo sikujua pale pa mwisho palianzia wapi. Nilikuwa bado nangoja alipoondoa mkono kwenye gita.

Watu wachache wakapiga makofi. Akaja mpaka nilipokuwa, jasho usoni.

"Tumelipa, mama?"

Ningeweza kumwambia hapana, ngoma haikuwepo, nitangoja mpaka mwenyewe arudi kutoka Uganda. Nilifikiria kusema hivyo. Kisha nikaona jinsi alivyochoka, na rangi iliyokauka kwenye kucha zake.

"Mumelipa," nikasema. "Mumelipa yote."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi kukunja nyaya.

Bado wanapiga kila Jumapili, ila mimi siendi tena. Kibanda nakifunga mchana siku hiyo, na upepo ukitoka ziwani ngoma inafika mpaka chumbani kwangu. Nyumba nimeifundisha kuwa na redio tena, taarifa za habari tu. Koti liko kwenye msumari wake. Ngoma ikianza, nafunga dirisha, naosha madumu ya maziwa ya kesho.