Rizista niliyoipigia hesabu itashusha watu Jumatatu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana huku Mpanda tunajuana.

Nina miaka 18, nimemaliza kidato cha nne. Naishi na mjomba, fundi wa mota, aliyenilea tangu mama afariki. Vitabu vya mashine vimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo mimi ndiye namsomea na kumpigia hesabu. Kazi zetu nyingi ni mashine za kukoboa mpunga.

Wiki hii tumefunga winchi ya umeme kwenye duara moja, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu. Winchi ikishusha mzigo, mota inarudisha umeme, na umeme huo lazima uishie kwenye rizista kama joto. Ndiyo breki yake. Mjomba aliniuliza anunue rizista ya ukubwa gani. Mota ilikuwa sawa na ya mashine ya mpunga tuliyofunga mwezi uliopita, nikanakili hesabu ileile. Sikufikiria kwamba ile ya mpunga inashika breki sekunde chache tu ikizimwa. Winchi inashikiliwa njia nzima ya kushuka, siku nzima.

Jana tuliijaribu kwa viroba vya mawe. Safari ya sita, rangi ya boksi la rizista ikaanza kuvimba na kunuka. Mjomba akawaambia wachimbaji kitu kipya lazima kinuke. Msimamizi wao akasema Jumatatu wanaachana na ngazi, watashuka kwa winchi, wanne wanne.

Rizista ikiungua wakiwa katikati, inabaki breki ya chuma, nayo imelika. Nimerudia kusoma kitabu cha winchi hadi nalia. Tulihitaji rizista kubwa mara nne.

Wakati wa kurudi, juu ya pikipiki, nilijikaza nikasema, "Mjomba, ile rizista ni ndogo."

"Si umeipigia hesabu wewe?"

"Ndiyo."

"Basi, mama. Kwa hesabu zako mimi silali na wasiwasi."

Leo asubuhi nimemsikia akimwambia jirani kwamba winchi ya wachimbaji imefungwa na binti yake, yaani mimi.

Namba ya msimamizi ninayo. Nimpigie bila mjomba kujua, au nianze na mjomba, na nianzeje? Mimi kusema mbele za watu siwezi kabisa. Naombeni mnijibu leo, kesho ni Jumapili, halafu wanashuka.