Nilivyokufa Nusu Saa Hapa Lucky Summer

Wewe, umewahi kulala kwa sakafu ya simiti, mchana, leso imekufunika mpaka kichwa, majirani wanakulilia, na huwezi kusema hata "jamani niko mzima"? Mimi nimewahi. Hapa hapa mtaani Lucky Summer, na chai ya saa saba bado haijashuka tumboni.

Ilianza na mzee wangu, bwanangu aliyefanya kazi ya reli. Alikufa tukampeleka nyumbani magharibi kuzika. Mjukuu wangu msichana, miaka sita, yule ninalea, tukamwacha kwa jirani sababu ya mtihani. Mtihani wenyewe ni kupaka ndizi rangi. Tukamwambia babu ameenda safari. Si ndivyo tunaambianga watoto?

Tulirudi tukapata mtoto amenyamaza. Si kununa, kunyamaza kabisa. Wiki tano hakuna neno. Mwalimu akaniita, akasema shule zikifungwa kama bado, nimtafutie shule ya watoto wasioongea.

Nikampeleka kliniki. Kuna dada huko kazi yake ni kucheza na watoto, na ameisomea, mimi nilicheka mpaka nikaomba msamaha. Akaniambia, "Mama, kila siku cheza na yeye nusu saa. Yeye ndiye mkubwa. Usimuulize kitu, usimsahihishe. Akitaka uwe kiti, kuwa kiti mpaka nusu saa iishe."

Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini dawa najua inamezwa aje. Nikafanya moja mara tatu, baada ya chakula. Nimekuwa kiti. Nimekuwa punda, mgongo ukakwama, nikapika mboga nikiwa bado punda. Nimekuwa ukuta, na ukuta haiendi choo. Yeye alikuwa ananionyesha tu na kidole.

Sasa Jumamosi moja, ile dozi ya mchana, akanionyesha sakafu. Nikalala. Akanifunika leso. Halafu nikasikia sauti.

"Wewe ni babu. Umekufa."

Kumbe alijua kitambo. Nilitaka kuruka nimkumbatie, nikasema, "Mungu wangu!"

"Shosho," akaniita mimi nyanya yake, "maiti haongei."

Basi nikafa vizuri.

Mlango ulikuwa wazi. Jirani yangu, mama wa Pwani anayeuza viazi karai kwa geti, akaja kurudisha ungo. Nikasikia ungo imeanguka. "Innalillahi, bibi wa watu," akasema, na viatu zake zikakimbia.

Nikawaza, niamke? Mtoto ndiyo ameongea leo. Nikiamka atanyamaza tena mpaka lini? Nikabaki maiti.

Majirani wakaja na viti vya plastiki kichwani, na majani chai. Wewe unajua sisi watu wa magharibi, kilio ni kilio. Mama mmoja wa kanisa akalia, "Nani atatupikia tena chapati laini kama zake?" Huyo huyo ndiye anaambianga watu chapati yangu inaweza kushonwa viatu vya akala huko soko la Kariokor. Nikauma ulimi.

Nzi akanikalia puani. Nikaikunja.

Mama wa viazi akasema polepole, "Huyu amesogeza pua."

"Babu hufanya hivyo," mjukuu akasema.

Mama wa viazi akamgeukia. "Babu gani, mwanangu?"

"Huyu. Mlienda kumzika mkaniacha. Wewe usikae, bado hujalia. Na wewe pika chai."

Mama wa viazi akalia, sijui alikuwa analilia nani, na mwingine akawasha jiko langu. Halafu mtoto akalala juu ya kifua changu akalia yeye mwenyewe, kilio ya ukweli, ile ya wiki zote hizo. "Babu, hata hukuniaga." Machozi yake yakaniingia sikioni. Nikawa maiti anayelia, lakini leso ilinisitiri.

Simu yangu niliyokuwa nimetega ikalia, nusu saa imeisha. Nikaamka nikakaa.

Mama wa kanisa alitokea dirishani. Mwingine alikimbia na sufuria ya chai mpaka barabarani. Mama wa viazi peke yake alibaki, akaniangalia, akasema, "Wewe mama, utaniua," na hakuniongelesha siku mbili.

Jioni nikamwambia mtoto ukweli. Babu alikufa hospitali, amelala kando ya migomba, na mimi nilikosea kumwacha yeye nyuma. Akaniuliza kama alivaa viatu, kama shimo lilikuwa refu, nani alishika kamba. Aliuliza mpaka ugali ikaungua. Jumatatu mwalimu akapiga simu, ati sasa anaongea sana, na amelaza darasa nzima chini, wote maiti.

Usiku huo wa Jumatatu nilipomfunika blanketi akanivuta shingo.

"Shosho, siku utakufa kweli, nitakuja kukuzika. Wakiniacha, nitaingia kwa buti ya gari nijifiche mpaka tufike."