Mzee wa Lango na Matobolwa ya Bibi

Wenzangu tuliokulia Tabora wakati televisheni bado zina chogo, mnakumbuka tulivyokuwa tunavua viatu kabla ya kuingia sebule ya watu? Siku hizi mtoto anapita na ndala zake mpaka chumbani, macho kwenye simu, na ukimwuliza kama ameamkia wageni anakutazama kama umemwomba figo. Enzi zetu sebule yenye televisheni ilikuwa na heshima yake. Unapiga hodi, unavua viatu, unamwamkia kila aliyemo, hata aliyesinzia kwenye kochi, ndipo unapata kipande chako cha mkeka.

Sebule yetu sisi watoto wa mtaa ilikuwa ya kwa akina Deo, pale Isevya. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na safari moja alirudi kutoka Kigoma na kiboksi cheusi cha kuchomeka kwenye televisheni, chenye pedi mbili za vitufe, pamoja na kaseti moja ya gemu, ya rangi ya njano. Tangu siku hiyo rede ikasahaulika na kombolela ikakosa wachezaji. Tukitoka shule, miguu bado na vumbi la mchakamchaka, tulikwenda moja kwa moja kwa akina Deo.

Gemu yenyewe ilikuwa hivi. Kuna kijana mwenye kitambaa chekundu kichwani, sisi tukimwita steringi. Anakatiza msitu, anapiga majambazi, anaruka nyoka, mpaka anafika kwenye lango la mawe. Hapo langoni amesimama mzee mwenye ndevu nyeupe na rundo la fimbo pembeni yake. Ukimsogelea tu, anakurushia fimbo ya kichwa. Maisha yako matatu yanakwisha hapo hapo, unampa mwenzako pedi huku umenuna. Hakuna mtoto wa Isevya aliyewahi kumpita mzee yule.

Na kwa kuwa hatukuwa na wa kumwuliza, siri zilikuja kwa treni. Mtoto akitoka Bukene kumtembelea shangazi yake, anakuja na habari kwamba kule, kwenye reli ya Mwanza, ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja wakati treni inapiga honi, steringi anapewa farasi. Wa Kaliua naye anaapa kwamba Mpanda kuna kijana alimpita mzee, na televisheni ikaandika jina lake na la ukoo wake. Kutoka Ulyankulu tulisikia kaseti ikilazwa chini ya Biblia Jumapili nzima, Jumatatu mzee anakuwa mpole. Tuliyajaribu yote. Mama Deo alitafuta Biblia yake asiione mpaka misa ikampita, na Deo alipata alichostahili.

Sasa, mimi nilikuwa na tatizo kubwa kuliko yule mzee. Deo alikuwa amepiga marufuku wasichana kushika pedi. "Nyie mnaangalia," alisema. "Pedi inataka vidole vya kiume." Haya yalisemwa na mvulana ambaye mama yake bado alikuwa anamfunga kamba za viatu. Nilikaa kwenye mkeka ule miezi na miezi nikiangalia tu, na vidole vyangu vilikuwa vinajibonyeza vyenyewe kwenye magoti. Sijawahi kukitaka kitu maishani kama nilivyoitaka ile pedi.

Siku moja Deo ameshakufa mara tatu langoni, ulimi wangu ukajisemea wenyewe: "Mimi siri ya huyo mzee naijua, ila nashika pedi mwenyewe."

"Nani kakwambia?"

"Bibi yangu wa Kwihara."

Hata leo sijui kwa nini nilimtaja bibi. Mama yake baba alikuwa mjane, mkulima, Mmoraviani wa kuamka na tenzi, na hajawahi kuiona televisheni. Redio alikuwa nayo, na mtangazaji akisema "Habari za jioni, wasikilizaji," bibi aliweka kijiko chini akajibu, "Nzuri, mwanangu, sijui kwenu."

Deo alinikazia macho. "Jumamosi tunakwenda kumwuliza. Kama umetudanganya, mkeka huu hutaukanyaga tena."

Wiki ile nilitafuta kila njia ya kukwepa. Nilifikiria kusema bibi amesafiri. Nilifikiria kujivunja mguu. Niliomba mvua inyeshe, katikati ya kiangazi cha Tabora ambacho hata mawingu yanakwenda likizo. Jumamosi ikafika, kukavu vilevile, tukaondoka kwa miguu watoto sita, na mimi nikiongoza njia kama mtu anayepelekwa kituo cha polisi. Mpaka tunafika Kwihara jua lilikuwa limeshatuchoma visogo.

Bibi tulimkuta uani anatengeneza matobolwa. Kwa mliozoea biskuti, hayo ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama soli. Ukitafuna kimoja, utamu wake unakuja taratibu na taya zinapata mazoezi. Wasichana tulipiga magoti, wavulana wakainama. "Mwangaluka, bibi." Akatuitikia mmoja mmoja, akauliza mama zetu, baba zetu, na kuku kama nao hawajambo. Mimi nikawa naomba hayo maswali yasiishe.

Yakaisha. Deo akakohoa. "Bibi, kuna mzee anakaa langoni. Kila tukitaka kupita anatutupia fimbo. Huyu mjukuu wako anasema unajua namna ya kumpita."

Bibi aliweka kisu chini. "Mzee wa wapi?"

"Wa kule kwetu mjini," alijibu Deo, na kwa kweli hakudanganya, maana kwa hesabu zake mzee alikuwa anakaa sebuleni kwao.

"Na mkifika kwake mnafanyaje?"

"Tunampiga."

"Mnampiga!" Bibi alisimama, na nafikiri hata kuku walishtuka. "Mtu mzima, yuko langoni kwake, mnakuja mbio mnampiga? Hata mimi ningewatupia fimbo! Fimbo zikiisha ningetupa mchi! Mama zenu wanawafundisha nini huko mjini?"

Tulitazama chini wote sita.

"Mkifika kwake, pigeni magoti," alisema, sauti ikishuka. "Mwamkieni, halafu mnyamaze. Mtu mzima haharakishwi. Hasira zikimwisha atawapisha mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Mke anaye?"

Tukatazamana. Hatukuwahi kumwona mke.

"Basi ndiyo sababu. Ukali wa wazee wengine ni njaa tu." Akaingia ndani, akatoka na mfuko umejaa matobolwa. "Mpelekeeni. Mwambieni bibi wa Kwihara anamsalimia."

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Lakini wenzangu walikuwa wananitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata hata siku niliposhika namba mbili darasani. Nikaupokea mfuko. Na mpaka tunaliona paa la kwanza ya Tabora, mzee wa lango alikuwa amebakiziwa vumbi la mfuko.

Deo alinipa pedi kwa mikono miwili. Nilipita msitu, nikaruka nyoka, na kwa kweli vidole vya kike havikuwa na kasoro yoyote. Nikafika langoni. "Piga magoti," alinong'ona Deo. Nikabonyeza kitufe cha chini. Steringi akainama, na fimbo ikapita juu ya kichwa chake. Ya pili ikapita, ya tatu pia. Mama Deo alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akatazama, akasema, "Huyo leo mbona ana adabu?" Fimbo ya nane ilipopita, mzee alibaki mikono mitupu. Akasogea pembeni, na lango likafunguka.

Makelele yaliyopigwa siku ile yaliwatoa majirani nje wakidhani tumevamiwa na nyuki. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. La kwangu lilikuja lenyewe, tena mbele ya mashahidi. Ng'ambo ya lango kulikuwa na msitu ule ule, ila sasa umepakwa rangi nyekundu. Deo akatangaza kwamba hiyo ni Kongo, na hakuna aliyembishia.

Siri yetu nayo ikapanda treni. Kabla muhula haujaisha, mtoto wa Bukene alinikalisha chini kunifundisha jinsi ya kumpita mzee: unapiga magoti, unasema "mwangaluka" mara tatu kwa sauti, na mdomoni lazima uwe na tobolwa usilolitafuna. Nilimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, nikamshukuru.

Pedi ikawa yangu kila Jumamosi. Lakini bibi naye hakumsahau mzee. Kila aliyetoka Kwihara kuja mjini alibebeshwa mifuko miwili: "Huu wenu, na huu wa mzee wa lango." Nikienda kwake likizo, swali lake la kwanza ni la mzee. "Mzee hajambo? Anakula?"

"Hajambo, bibi. Anasema ni matamu."

"Na hasira?"

"Zimepungua."

Bibi alifurahi mpaka akajipiga paja. Aliongeza vipande. Na sisi tukazidi kula, mimi nikiwa na mashavu kama andazi, na kila kipande kilipita kooni na aibu yake. Nilijiambia kila likizo kwamba safari hii nitasema. Kila likizo nilimtazama usoni nikashindwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia siku ya mkutano wa akina mama wa kanisa. Bibi alishuka mjini na kitenge kipya na kikapu kichwani. Alipokwisha kunywa chai alinigeukia mbele ya mama yangu: "Haya, nipeleke nikamwone."

"Nani huyo?" aliuliza mama.

"Mzee wa lango," alisema bibi, kama mtu anayetaja jirani wa siku nyingi.

Nilimshika mkono tukaenda. Kwa akina Deo, wenzangu walikuwa kwenye mkeka, na walipomwona bibi na kikapu wote walisimama. Bibi akavua viatu, akasalimia, akaangaza huku na huku. "Yuko wapi?"

Deo alinitazama. Nikachukua pedi. Nilikufa mara mbili kwa nyoka, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu nianze. Mwishowe lango likatokea, na mzee akiwa amesimama na fimbo zake.

"Huyu hapa, bibi."

Bibi alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mzee akarusha fimbo, ikapita. Nilifumba macho nikisubiri kofi.

"Mbona amekonda?" alisema bibi. "Matobolwa yangu yote yale, na bado amekonda hivi?"

Akageuka. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akiyakagua mashavu yetu, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye mkeka, Mama Deo akaja na maji. Alipotulia alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akanivuta karibu na kuniambia taratibu, "Ungeniambia tu kwamba ni mchezo, mjukuu wangu. Ningewapa vilevile."

Nililia mbele ya Deo na wote, na sikujali. Bibi akanibembeleza huku akimwuliza Deo kile kitufe cha kuamkia ni kipi.

Bibi ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa. Gemu zile zote leo zimo ndani ya simu ya mwanangu, bure, na siri zake zimeandikwa mpaka ya mwisho. Anajua mambo ambayo Tabora yetu nzima isingeyajua, na hajawahi kutembea kwenda popote kuyauliza. Zamani nilidhani bibi alimpenda yule mzee. Sasa na mimi nimeanza kuota mvi, najua alichopenda ni wale watoto sita waliokatiza jua mpaka uani kwake kwa sababu kuna kitu waliamini anakijua.

Juzi nilimsikia mwanangu sebuleni anaguna, amekwama mahali. Nikapunguza moto, nikafuta mikono, nikatoka jikoni nikakaa karibu naye. Sikuijua gemu yenyewe, lakini nilikuwa nimeshaanza kutunga jibu.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Nimeshapata, mama," alisema, bila kuinua macho.

Nikamwambia, "Haya, vizuri." Nikakaa pale kidogo hata hivyo, kama ataniuliza kingine.